Simu ya Upepo Katika Gari la Kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na mautingo, Garsen)



Mtauliza, watu wa reli wametafuta nini Garsen, mahali ambapo reli haijafika? Tumeitwa kwa kuwa sisi tumezoea kupeana habari ya njia kabla gari halijaondoka, nanyi mwapelekwa penye maji bila habari yo yote. Mafuriko ya 1997 na 1998 wazee wenu wayakumbuka. Mwezi wa Mei 2024 maji yalikata tena barabara ya kwenda Lamu. Simu ya mkononi ni nzuri, lakini mlingoti wake ukizimika, au mkiwa mbali nao, yabaki kuwa tochi tu. Hapo ndipo itakiwapo redio ya kusemezana.

Watu hutazama redio wakaisahau antena. Mawimbi ya redio za VHF, ambazo ni nyingi katika magari ya kazi, huenda karibu kama jicho lionavyo. Nchi ya Tana ni tambarare, basi mtu hudhani akisema Garsen atasikika Hola. Hasikiki, maana dunia ni mviringo. Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi hufika kama kilomita 6. Magari mawili ya namna hiyo yatasikizana kilomita 11 au 12, na vichaka vya mathenge hupunguza hata hizo. Lakini kituoni kukiwa na mlingoti wa mita 30, gari lile lile litasikika kama kilomita 28. Kwa hiyo msidai kwanza redio yenye nguvu nyingi. Daini mlingoti.

Antena ikae katikati ya paa la chuma, kwa sababu paa lenyewe ni nusu ya antena. Ikifungwa pembeni kwenye bampa, sauti huenda upande mmoja kuliko mwingine. Urefu wake hufuata masafa: penye megahezi 150 ni kama nusu mita, basi msiazime antena ya gari jingine wala kuikata kwa kupendeza macho. Waya wake usibanwe na mlango. Maji yakiingia ndani yake nguvu hupotea njiani. Na asibonyeze mtu kusema wakati antena haipo, maana redio yaweza kuungua. Wenye malori, angalieni: malori mengi yana umeme wa volti 24, na redio nyingi zataka 12. Lazima kiwekwe chombo cha kupunguza, na fyuzi iwe karibu na betri.

Sasa namna ya kusema. Ukibonyeza, ngoja kidogo ndipo useme, ama mwanzo wa neno utakatika. Fikirini mwenyewe wa kituo akisema "usivuke", na dereva akasikia "vuke" tu! Afadhali aseme "simama hapo hapo". Na aliyepokea ayarudie maneno yote, asijibu "sawa, sawa". Kwetu relini habari ya njia isiyorudiwa haihesabiwi kuwa imepokewa, hata kama aliyeipeleka ni bwana mkubwa.

Tena kuna shauri la fedha. Twamjua tajiri mmoja, jina lake twaliacha, aliyetia redio katika magari yake, kisha akawaambia madereva wajinunulie antena. Ni kama kumpa mtu bunduki akajitafutie risasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu wake kazini. Redio ya gari linalotumwa penye mafuriko ni chombo cha usalama kama breki, na hakuna dereva anayejinunulia breki. Leseni ya masafa pia ni juu yake, naye huitaka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Basi kabla ya masika, kila kundi liandike magari yake: lipi lina redio, antena yake imefungwa wapi, na lilisikika mpaka wapi lilipojaribiwa. Jaribuni mkiwa njiani, Minjila na Gamba, si uani kwa tajiri. Karatasi hizo mpeni katibu wa tawi, naye atakwenda nazo mezani.