Baka Jeusi Unyayoni: Lenzi Inaona Nini?

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, mlioko nyumbani na tulioko ughaibuni, leo vueni viatu mtazame nyayo.

Huku Ulaya na Marekani, matangazo ya melanoma, ile saratani kali ya ngozi, humwonyesha mzungu aliyeungua jua. Basi tunaona haituhusu. Kwetu weusi ni adimu kweli, ila ikija hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, hata pasipopigwa jua. Bob Marley ilimpata chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Lakini madoa meusi mengi hayana madhara. Daktari atayatofautishaje bila kukata? Kwa dermoskopu: lenzi ya mkononi yenye taa, inayokuza kama mara 10. Haichomi wala haiumi.

Chukueni mfano huu. Ngozi ya unyayo ina mistari kama shamba la viazi: matuta na mifereji. Doa la kawaida, rangi yake hukolea kwenye mifereji. Melanoma, rangi hukolea juu ya matuta. Mwaka 2004 Toshiaki Saida na wenzake wa Japani walichapisha matokeo: dalili ya matuta ilionekana kwenye melanoma 86 hivi katika kila 100, na kwenye madoa ya kawaida 1 tu katika 100. Ikionekana, kipande kidogo cha ngozi hukatwa kikapimwe maabara. Isipoonekana, doa linaloendelea kukua bado lichunguzwe, maana zipo melanoma zinazoikwepa lenzi.

Kwetu kidonda cha unyayo kitokanacho na saratani hii husingiziwa funza, mwiba au jembe. Kisipopona kwa wiki kadhaa, au mstari mweusi wa kwenye ukucha ukipanuka, acheni kuchokonoa kwa pini. Nendeni hospitali, Murgwanza au Nyamiaga, mkaulizie rufaa ya Bugando, Mwanza.

Nasi wa ughaibuni, kuna lenzi za aina hii zinazobandikwa kwenye kamera ya simu, picha ikatumwa kwa bingwa aliye mbali. Ila kabla ya kununua, tuulize hospitali nani ataitumia. Hospitali ya KCMC, Moshi, inafundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990. Tukichanga, tuchange lenzi pamoja na ada ya kumsomesha mhudumu mmoja wa kwetu.