Bwana Shamba Haji Mpaka Aitwe

Mnamkumbuka bwana shamba wa zamani, alikuja bila kuitwa. Mwaka wa 2000 mpango wa NALEP ukasema wakulima waombe huduma wenyewe, tena kwa kikundi. Katiba ya 2010 ikapeleka kilimo kwa kaunti, na tangu 2013 maafisa wako chini ya Busia, si Nairobi. Kwa hivyo barua yenu ipelekeni ofisi ya wadi, mbaki na nakala. Barua moja niliyosaidia kuandika ilipotea, jamani!

Lakini mvua ya Machi haingoji barua. Miteremko ya Amukura inapoteza udongo. Pimeni kwa fremu ya A, chimbeni fanya juu, udongo mtupe upande wa juu, mpande nepia kwenye tuta. Afisa akifika, atawasahihisha.