Kagua Ngano Kabla ya Kununua Dawa

Hotuba kwa wakulima wa ngano, siku ya mafunzo shambani



Kidukari wa ngano wa Urusi aliripotiwa nchini Kenya mwaka wa 1995, na bado anawapunguzia wakulima magunia. Ni wa kijani, hafikishi milimita 2, na jike huzaa bila dume. Wakati wa kiangazi, wachache huwa kundi kubwa kwa muda mfupi.

Wengi humtafuta juu ya jani wasimwone. Hujificha ndani ya jani lililojikunja kama mrija. Jani hilo huwa na michirizi myeupe au ya zambarau, na baadaye suke hukwama na kupinda. Mkulima asiyefungua jani hudhani ni ukosefu wa mbolea. Hununua mbolea, na mdudu anaendelea kufyonza.

Ukaguzi ufanywe kila wiki tangu ngano inapoota. Mkulima apite shambani kwa mwendo wa kupinda-pinda, asimame mahali 10, na kila mahali akague mashina 10 huku akifungua majani. Ahesabu mashina yenye vidukari. Yakiwa 2 au 3 kati ya 100, asubiri na kukagua tena baada ya siku chache. Yakifika 10 hadi 20, na ngano ingali changa, huo ndio wakati wa kumwona afisa wa kilimo kuhusu dawa.

Dawa inayoua kwa kumgusa mdudu haimfikii aliye ndani ya jani lililojikunja. Inayohitajika ni ile inayoingia kwenye utomvu wa mmea. Iwe imesajiliwa nchini, itumiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Anayenyunyiza bila kukagua hupoteza pesa, na pia huua wadudu wekundu wenye madoa meusi na nyigu wadogo, ambao huangamiza vidukari bila malipo.

Ngano inayojiotea baada ya mavuno ing'olewe au ilimwe mapema, kwa kuwa hapo ndipo vidukari husubiri msimu ujao.

Kufungua majani ya mashina 100 hakuhitaji mashine wala pesa. Mkulima aliyefanya hivyo akienda dukani anajua anachonunua, au anajua kwamba wiki hii hana haja ya kwenda.