Injini Mpya katika Land Rover ya Zamani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Igamba)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinitaka nichague jambo lolote lenye manufaa. Nilidhani nitasema habari za mipango na bajeti, maana hiyo ndiyo kazi ya serikali inayonilisha. Lakini jana jioni nilipita nyuma ya bwalo, nikaiona Land Rover ya shule chini ya mwembe, kuku akiwa ameatamia mayai katika kiti cha dereva. Tena nikaambiwa kuwa ajenda namba nne ya mchana huu ni hoja ya kuchanga fedha ili gari lile litiwe injini mpya. Hoja hiyo naiunga mkono. Ila nisipowaeleza kwanza yaliyonipata mimi katika kazi kama hiyo, nitakuwa nimewanyima haki yenu.

Nina deni na gari lile. Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu, nilishikwa na malaria usiku, nikapoteza fahamu. Gari lilikuwapo, petroli haikuwapo. Mwalimu wa zamu alinyonya petroli kutoka jenereta ya shule, akaitia garini, nikafikishwa hospitali Vwawa kabla ya mapambazuko. Wenzangu walijisomea kwa koroboi kwa siku nne kwa ajili yangu. Wengine wao wamo humu, na hawajaacha kunikumbusha.

Kwa vijana wasioijua: ile ni Series III, iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya mwaka 1971 na 1985. Huitwa 109 kwa sababu kuna inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bodi yake ni ya alumini, haili kutu. Bali chasisi yake ni ya chuma, nayo huliwa. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia. Wapo kati yetu wanaosema liuzwe kama chuma chakavu. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, nami ni wa upande wao. Ila kamba kuukuu hukaguliwa kwanza, ndipo hutundikwa mzigo.

Ugonjwa wa gari lile unajulikana. Injini yake ya petroli ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286 na nguvu za farasi zipatazo 70. Ilikuwa injini ya kiungwana, mvumilivu, lakini yenye kiu. Gari la marehemu baba yangu, lililokuwa la aina hiyo hiyo, lilikuwa likienda kilometa tano kwa lita moja, na kwenye matope halikufika hata hizo. Ndiyo maana wenye Land Rover za zamani, hapa kwetu na kwingineko duniani, wamekuwa wakizitia injini za dizeli zilizokuja baadaye.

Iliyo maarufu kwa kazi hiyo ni ile inayoitwa 200Tdi, iliyotoka mwaka 1989 katika gari la Discovery na kuingia Defender mwaka 1990. Ujazo wake ni 2,495, haikuzidi sana ile ya kwanza. Lakini ina tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe na kuisukumia hewa ndani, na ina redieta ya pili ya kupooza hewa hiyo. Kwa hiyo nguvu zake hufika farasi 107 hivi. Nguvu ya kuzungusha, ambayo wanafunzi wa fizikia huipima kwa nyutoni-mita, hupanda kutoka kama 162 hadi 255. Na kubwa zaidi, injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ile ya zamani: inapokutana na giaboksi ya Series, hufungika kwa marekebisho machache. Ndugu yake aliyemfuata mwaka 1994, 300Tdi, hudai bamba la kuunganishia na maunti mpya. Na ile ya mwaka 1998, Td5, huongozwa na kompyuta. Waya mmoja ukiliwa na panya hapa Igamba, gari litalala mpaka mtaalamu apatikane. Upya nao una kipimo chake.

Sasa nije kwenye kisa changu.

Mwaka 2009 nilikuwa nimeajiriwa karibuni, kijana wa Mlimani, nikijiona najua. Nilinunua 200Tdi iliyotumika, mjini Mbeya, nikaileta nyumbani kwa baba ili tuifunge katika 109 yake. Fundi alikuwa mtu mzima, mtaratibu. Msaidizi wake alikuwa mwanafunzi wa shule hii, kidato cha tatu, aliyekuwa akijitafutia ada wakati wa likizo ya Juni. Tulifanya kazi siku kumi na moja chini ya mti. Tulisafisha tangi la mafuta, tukaliongezea bomba la kurudishia dizeli, kwa maana petroli iliyofika kwenye kabureta hairudi, bali dizeli iliyozidi kwenye pampu lazima irudi. Tulisogeza redieta. Tulibadilisha mkanda wa taimingi bila kuuliza umri wake, kwa kuwa injini ya kununua haina cheti cha kuzaliwa, na mkanda ukikatika injini nzima huharibika ndani. Hayo tuliyafanya vema.

Lakini tuliposafisha injini tulikuta pale pa kufungia pampu ya ombwe, ambayo mafundi huiita vakyumu, pamefunikwa na kipande cha bati. Pampu yenyewe ilikuwa imekwisha kung'olewa na kuuzwa.

Vijana, sikilizeni hapa. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango mwembamba wa kabureta. Mlango ukifungwa, nyuma yake huwa ombwe. Ombwe hilo ndilo linaloendesha busta ya breki, kile chombo kinachousaidia mguu wa dereva. Injini ya dizeli ya namna ile haina mlango huo. Hewa huingia wazi, na ombwe halipatikani. Kwa hiyo hupewa pampu yake. Ukiiweka dizeli bila pampu, busta inakuwa pambo. Breki hubaki, lakini hubaki kwa nguvu ya mguu wako peke yake.

Fundi aliniambia: "Bwana mkubwa, breki zitakuwa ngumu. Tusubiri pampu." Pampu ilikuwa ipatikane Mbeya au Dar es Salaam, kwa wiki moja au mbili. Mimi likizo yangu ilikuwa inakwisha, na mjomba alikuwa akisubiri saruji. Nikamjibu, "Mguu ninao."

Siku tatu tuliendesha katika tambarare, kwenda Mlowo na kurudi. Pedeli ilikuwa nzito, nikaizoea. Gari lilikwenda kama jipya. Watu walitoka majumbani kulitazama. Siku ya nne tukapakia mifuko 16 ya saruji, yaani kilo 800, tukaelekea Kamsamba. Fundi alikaa mbele nami, yule mwanafunzi akakaa nyuma juu ya saruji.

Wanaoijua njia ile wanajua jinsi nchi inavyoporomoka kuelekea bonde la Rukwa. Kwa injini ya zamani tungefika ukingoni mwa mteremko tukiwa katika kilometa arobaini kwa saa, tukihema. Siku hiyo tulifika katika sabini, tukicheka. Nilipokanyaga breki, pedeli ilikuwa kama jiwe. Nilisimama juu yake kwa miguu miwili. Gari likapungua kidogo, kisha breki zikapata moto zikaacha kushika. Nikajaribu kurudisha gia ya pili, ikakataa kwa mwendo ule. Fundi akashika usukani, tukalipeleka gari kwenye kingo ya udongo upande wa kuume. Likasimama. Sisi wawili wa mbele tulitoka na michubuko. Mifuko ya saruji ilimwangukia yule kijana mguuni, ukavunjika mahali pawili.

Alikaa hospitali, kisha nyumbani, akakosa muhula mzima, akarudia kidato. Nililipa gharama zote, lakini muhula haulipiki. Baba hakunigombeza. Alilizunguka gari, akaniambia neno moja tu: "Umelinunulia gari miguu ya kukimbia, hukulinunulia ya kusimama."

Ndugu zangu, kosa halikuwa la fundi, wala la injini. Injini ilifanya kazi yake barabara. Lililokosewa ni kudhani kwamba injini ni kitu cha peke yake. Kila kiungo cha gari la zamani kilipimwa kwa nguvu za injini yake ya zamani: breki, giaboksi, ekseli, redieta, hata akili ya dereva. Ukiongeza nguvu mbele, ni lazima uulize kila kiungo cha nyuma kama kinaiweza.

Kwa hiyo naomba hoja ya mchana huu irekebishwe, fedha zitumike kwa utaratibu huu.

Kwanza, chasisi ikaguliwe kwa nyundo na bisibisi, hasa nyuma na mahali springi zinapofungwa. Ikiwa imeliwa kiasi cha kutoboka kila mahali, tusitie injini. Tutakuwa tunavisha maiti suti.

Pili, breki zote zitengenezwe kabla injini haijanunuliwa: silinda za magurudumu, viatu vya breki, mabomba na busta. Na injini isinunuliwe kama haina pampu ya ombwe.

Tatu, ndipo injini, pamoja na redieta inayoiweza na chujio safi la hewa, kwa sababu vumbi letu la kiangazi halina huruma na tabo.

Nne, giaboksi. Hiyo ya Series haikutengenezwa kwa nyutoni-mita 255. Itadumu ikiwa dereva hatakanyaga mafuta hadi chini katika gia ya kwanza akiwa amekwama na mzigo. Dereva afundishwe hivyo.

Tano, kuna watakaoshauri tubadili difu pia ili gari liende mbio. Difu za sasa zina uwiano wa 4.7, zile za magari ya baadaye ni 3.54. Nimepiga hesabu kwa matairi yetu: injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika katika gia ya nne, kwa difu za sasa gari litakwenda kilometa kama 68 kwa saa, na kwa hizo nyingine kama 90. Nauliza, shule inakimbilia wapi? Gari hili ni la kuni, mahindi na wagonjwa. Kilometa 68 zinatosha kabisa, na difu hizi fupi ndizo zitakazotusaidia kwenye matope. Na ikiwa siku moja mtabadili, badilini ya mbele na ya nyuma pamoja. Zikitofautiana, siku mtakapotia gia ya magurudumu manne mtavunja kila kitu.

Sita, karatasi. Mimi ni mtumishi wa serikali na sitaki kuona mali ya umma ikitengenezwa gizani. Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilika, TRA waarifiwe kadi irekebishwe, na kampuni ya bima iambiwe. Kabla ya hapo mwenye gari, yaani serikali, atoe kibali kwa maandishi, na wakaguzi wake walione gari kabla na baada ya kazi. Bila hivyo, siku ya ajali mtabaki mkiangaliana.

Nimalize na habari ya yule kijana. Alimaliza kidato cha nne hapa hapa, akasomea ufundi wa magari, na leo ana gereji yake. Wengi wenu mmekwisha kumpelekea magari yenu. Anachechemea kidogo wakati wa baridi. Jana usiku nilikwenda kwake kumwomba ruhusa ya kusimulia kisa hiki, nikamwomba pia, hoja ikipita, aisimamie kazi ya gari la shule. Amekubali kuifanya bila ujira, kwa sharti moja: breki zikikamilika, kabla injini haijaguswa, aitwe kila mjumbe wa kamati akanyage pedeli kwa mguu wake mwenyewe.

Nimemwambia nitakuwa wa kwanza.

Yumo humu ukumbini, mstari wa nyuma. Hapendi kutajwa, nami sitamtaja. Mchana, ajenda namba nne itakapofika, nawaombeni mpige kura mkiwa mmemtazama.