Methadoni: Dawa Inayookoa na Saa Zake za Hatari
Mhadhara wa umma kwa wakazi wa Arua na Koboko



Mwaka 2020 Hospitali ya Butabika, Kampala, ilifungua kliniki ya kwanza nchini Uganda ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, yaani unga. Majirani walikuwa wametangulia: Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza Februari 2011, na Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Kwa mraibu wa unga aliyeko Kampala ilikuwa habari ya kheri. Kwa aliyeko Arua, Butabika iko umbali wa karibu kilomita 500, kupitia Pakwach na Karuma, na methadoni hunywewa kila siku.

West Nile, eneo la Arua na Koboko, inazijua zaidi pombe ya waragi, mairungi na bangi. Lakini kijana aliyezoea unga Kampala au Mombasa akirudi kwao Koboko, arosto humfuata hadi nyumbani: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usiku bila usingizi. Wazazi hudhani ni malaria au amerogwa.

Heroini hupanda haraka na kuisha baada ya saa chache, ndiyo maana mtumiaji huisaka mchana kutwa. Methadoni hushika sehemu zilezile za ubongo, ila polepole na kwa muda wa siku nzima. Arosto hutulia, tamaa hupungua, sindano huwekwa kando na pamoja nayo hatari ya VVU na homa ya ini. Mwaka 1965, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo yao ya kwanza ya kutibu kwa methadoni. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Faida yake imepimwa. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2017, uliohusu zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni, ulikuta vifo 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakiwa kwenye matibabu, na 36.1 wakiwa nje ya matibabu.

Hata hivyo, dawa hiyohiyo huua. Wiki nne za mwanzo ni za hatari, na wiki nne baada ya kuacha matibabu ni za hatari zaidi, kwa kuwa mwili umeshapoteza uzoefu.

Sababu ya hatari ya mwanzo ni hesabu nyepesi. Chukua mgonjwa ambaye mwili wake huondoa nusu ya dawa kwa saa 24. Siku ya kwanza anakunywa miligramu 30. Siku ya pili, akishakunywa nyingine 30, mwilini zipo 45. Siku ya tatu zinapita 52. Dozi haijaongezwa, lakini dawa imelundikana. Usiku huo anakoroma kwa sauti nzito, na ndugu wanashukuru kwamba hatimaye amelala. Kumbe pumzi inakatika, midomo inageuka rangi ya buluu, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akiwa amekunywa na waragi, hatari huzidi.

Ndiyo maana kliniki huanza na dozi ndogo na kuipandisha polepole. Muuguzi humimina dawa kwenye kikombe, mgonjwa humeza mbele yake, kisha hunywa maji na kuzungumza kidogo ili ihakikishwe kwamba hakubakiza kitu mdomoni. Aliyekosa siku kadhaa hupimwa upya kabla ya kurudishiwa dozi yake ya zamani, kwa kuwa mwili umeshapoteza uzoefu. Wanaotumia rifampisini ya kifua kikuu au karbamazepini ya kifafa huangaliwa zaidi: dawa hizo hupunguza methadoni mwilini, na zikisimamishwa, kiwango hupanda tena.

Mgonjwa akizidiwa hivyo, dawa iitwayo naloksoni hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha ndani ya saa moja hivi, wakati methadoni ingali mwilini. Mgonjwa aliyezinduka haruhusiwi kurudi nyumbani. Hulazwa na kuangaliwa usiku kucha.

Kwa hiyo Arua ikidai huduma hii katika hospitali yake ya rufaa, na ina haki ya kuidai, idai yote kwa pamoja: kikombe cha kila siku, wauguzi waliofunzwa, naloksoni hadi Koboko, na familia zinazoufahamu mkoromo ule na kumkimbiza mgonjwa hospitalini usiku huohuo.