Maneno ya Walimu Siku ya Michezo: Habari za Kipa Pelle Lindbergh



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache juu ya kipa, maana kipa ndiye hulaumiwa kwanza na kushukuriwa mwisho. Tumechagua mmoja ambaye mchezo wake hamjauona. Aliitwa Pelle Lindbergh, mzaliwa wa Stockholm, Uswidi, mwaka 1959, naye alicheza mpira wa magongo juu ya barafu. Barafu tunayoijua hapa ni ile ya sanduku la chanjo. Kwao hugandisha uwanja mzima, na wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma. Kinachopigwa ni kisahani kigumu cha mpira, na huweza kumjia kipa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa.

Mwaka 1980 alidakia Uswidi katika Olimpiki ya Lake Placid. Wamarekani, waliochukua dhahabu, walizifunga timu zote walizokutana nazo isipokuwa Uswidi, waliyotoka nayo 2-2. Uswidi ikapata shaba. Kisha akajiunga na Philadelphia Flyers, timu ya Bernie Parent, kipa aliyemhusudu tangu ujana. Na Parent huyo huyo akawa mwalimu wake. Hapo sisi walimu tunavimba kichwa kidogo. Msimu wa 1984-85 alishinda mechi 40, timu ikafika fainali, naye akapewa tuzo ya Vezina ya kipa bora, wa kwanza aliyefunzwa mchezo huo Ulaya.

Baadhi yetu walitaka tuishie hapo, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya. Wengi tumekataa. Vijana hawa wamekwisha kupewa nusu ya habari mara nyingi mno. Alfajiri ya 10 Novemba 1985, baada ya sherehe ya timu, aliendesha Porsche yake amelewa, kilevi katika damu kikizidi mara mbili ya kiwango cha sheria, akagonga ukuta mbele ya shule huko New Jersey. Abiria wake wawili waliumia vibaya. Yeye ubongo ulikufa. Mashine zikampumulia mpaka baba yake akafika kutoka Uswidi. Alikuwa na miaka 26.

Msimu ule ule mashabiki walipiga kura ya kuchagua kipa wa mechi ya nyota ya 1986. Jina lake liliongoza upande wao, na waliompigia walijua amekwisha kuzikwa.