Kazi ya Duarani Nayo Iandikwe



Tumesoma barua za vijana wetu wanaoomba kazi kwenye mgodi mkubwa wa Geita, ule uliofunguliwa mwaka 2000. Penye uzoefu wameandika "sina". Hivi kweli? Mtu amepiga matimba duarani miaka sita, mwingine ametengeneza karasha za watu, leo anasema hana! Eti kwa kuwa malipo yalikuwa viroba vya mawe, si mshahara.

Tunasema iandikwe: kazi gani, wapi, toka mwaka gani mpaka gani, na mwenye duara awe shahidi. Chumvi msiongeze, maana mtapimwa kwa mikono yenu. VETA nao huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Anayeona kalamu nzito aje darasani jioni, tutaiandika pamoja.